Kobe wa Kinanira Aliyeshindwa Kufunga Mlango

Saa moja asubuhi. Jua ndiyo kwanza linaanza kupasha mabati ya Kinanira, mtaa wa kilimani Bujumbura, na kule chini ziwa bado limejifunika ukungu. Daphrose Kankindi amepiga magoti kwenye sementi ya ua, ametandika taulo kuukuu juu ya ubao mrefu wa kupimia urefu wa watoto, na anabembeleza kwa sauti ile ile aliyowabembelezea watoto wa watu kwa miaka ishirini na miwili.

"Njoo, papa. Njoo tukupime. Hakuna sindano hapa, usiogope."

Anayebembelezwa ni kobe.

Ni kobe wa maji, mweusi, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Anaitwa Peti, yaani "mdogo" kwa Kifaransa, jina alilopewa enzi zile alipokuwa anaenea kwenye kifuniko cha chupa. Daphrose anamkalisha juu ya taulo, gamba likigusa ukingo wa kichwani, kisha anasogeza kibao cha miguuni taratibu hadi kikome nyuma. Anainama, anavaa miwani, anasoma. Anavua miwani, anaifuta kwa kitenge, anasoma tena. Ni mara ya tatu leo.

"Mi nilipima batoto wa Bujumbura hii mpaka vidole vikaota sugu," anasema. "Hata siku moja sikuogopa kipimo. Leo naogopa, kabisa."

Ana sababu. Leo unatimia mwaka mmoja alioomba. Saa tatu, daktari wa mifugo atapanda kilima kuja kumtazama Peti. Akisema amepona, kobe anabaki hapa. Akisema bado, Peti na wenzake wawili wakubwa watatiwa kwenye beseni na kupelekwa Kigobe, kwa familia yenye bustani pana na bwawa jipya. Naye Daphrose, aliyeishi nao tangu mwenye nyumba akiwa hai, atabaki kufagia ua mtupu.

Msomaji, ukitaka kucheka, cheka. Majirani walishamaliza zamani. Shakuru, zamu anayelinda lango la nyumba ya pili, anachungulia juu ya ukuta na kutikisa kichwa.

"Watu banalala kwenye foleni ya mafuta, Mama Rosette analala na mawazo ya kobe!"

"We Shakuru, chunga mulango wa bosi wako," Daphrose, mama wa Rosette, anamjibu bila kugeuka. "Wa kwangu nitauchunga mwenyewe."

Maneno hayo ya mlango si mzaha, na ndiyo kisa chenyewe. Kobe wa aina ya Peti ana mlango. Upande wa tumbo, mbele, gamba lake lina bawaba. Akiogopa hukunja shingo pembeni, huingiza mikono, kisha hulipandisha lile gamba na kujifungia ndani. Mwaka jana, wakati kama huu, Peti alikuwa hawezi kufunga. Na aliyemfikisha hapo ni Daphrose mwenyewe, kwa mapenzi yake na kwa uji.

Ana miaka hamsini na saba. Alizaliwa milimani, Muramvya, akashuka mjini akiwa msichana, akapata kazi katika kituo kimoja cha afya kaskazini mwa jiji. Hakuwa muuguzi. Alikuwa mpimaji: anampokea mtoto, anampima uzito, anampima urefu, anatia nukta kwenye kadi. Mshahara wenyewe akiutaja hucheka. Lakini ukitaja Jumatatu, hacheki. Jumatatu ilikuwa siku ya kupima, na akianza kuizungumzia uso wake wote unarudi ujana.

"Eeh, Jumatatu zile!" anasema, na mikono inaanza kusema naye.

Mizani ilining'inizwa kwenye boriti ya baraza. Chini yake ilifungwa kaptula ya kitambaa, mtoto anatiwa miguu, anabembea, analia hadi aliyeko barabarani anajua leo ni siku gani. Akina mama walikaa kwenye mikeka, foleni ikizunguka jengo. Wengine walitoka Kajaga alfajiri wakiwa na harufu ya samaki kwenye vitenge. Wengine walivuka mpaka kutoka Uvira, mtoto mgongoni na mzigo wa mauzo kichwani, wauze na wapime kwa safari moja.

Nyuma ya jengo sufuria kubwa ilichemka: unga wa mahindi, mtama na soya, na ndagala, dagaa wa ziwani, waliopondwa hadi wakawa vumbi. Uji ule ulikuwa na harufu ambayo Daphrose anasema hata leo akiipata sokoni husimama, mpaka watu wampigie kelele apishe njia.

Kila mtoto alikuwa na kadi, na kwenye kadi kulikuwa na njia iliyochorwa, inapanda. Nukta ya mwezi huu ikiwa juu ya nukta ya mwezi uliopita, Daphrose aliinua kadi juu, na baraza zima lilipiga vigelegele. Mama aliyekuja ameinama aliondoka anacheza. Nukta ikishuka, palikuwa kimya, na mama alipelekwa nyuma, kwenye sufuria.

"Miaka ile ya vita watoto walikuja bepesi, bepesi kama nguo iliyoanikwa," anakumbuka. "Kazi yangu ilikuwa moja. Mustari upande. Upande, upande, upande. Mutoto hapandi, mi silali."

Kituo kilipopunguza watu, naye alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Wiki hiyo hiyo walikuwa wameletewa vipimo vipya vya urefu, na ubao wa zamani ulikuwa umewekwa kando upasuliwe kuni. Daphrose aliuomba. Aliubeba kichwani kutoka kule hadi alikopanga, watu wakidhani anahama na kitanda.

Ndipo akapata kazi hapa Kinanira, kwa mzee Jovithe, mtumishi wa serikali mstaafu aliyefiwa na mkewe. Kufua, kupika, kufagia. Siku hizi analipwa faranga laki moja na nusu kwa mwezi, na chumba cha uani. Gunia la makaa likinunuliwa, anasema, mshahara umeshaonekana kisogo. Lakini hakuondoka, na sababu ya kwanza ilikuwa jioni za nyumba hiyo.

Jioni mzee alikaa ukingoni mwa bwawa dogo la sementi, suruali amekunja, miguu majini. Kobe wawili wakubwa, waliomzoea kwa miaka mingi, walikuja kumtekenya vidole. Daphrose aliketi kwenye kigoda akichambua lengalenga, mchicha wa huku, na mashina mabichi alimrushia mzee, mzee naye akiwapa kobe. Redio ilisema yake, nao walisema yao. Siku nyingine walikaa hadi giza bila neno, na hapakuwa na upungufu.

"Nimeolewa, nimefiwa," Daphrose anasema. "Lakini kukaa na mutu kimya na moyo ukatulia, nilijifunza hapa uani."

Peti aliingia miaka mitatu iliyopita, siku ya Jumapili. Mzee alikwenda Kajaga kununua ndagala. Akina mama walikuwa wanawatandaza mchangani, na katikati ya samaki kulikuwa na kitu kinatambaa. Kitoto cha kobe, santimeta tatu. Mwanamke mmoja alitaka kukitupa majini, lakini kunguru walikuwa wameshajipanga pale wanangoja. Mzee alikitia mfuko wa shati na kurudi nacho nyumbani, akisahau ndagala wenyewe aliokuwa ameshalipia.

Alimlea kwa mkono mdogo. Kipande cha mnyoo leo, kijani kidogo kesho, keshokutwa hakuna kitu. Alimweka kwenye karai ndani ya bwawa, juani, chini ya wavu. Miezi sita ikapita, Peti akafika santimeta tano. Daphrose alikuwa anaumia kumtazama.

"Mzee, huyu mutoto unamunyima."

"Simnyimi, Mama Rosette. Huyu hana haraka. Ana miaka arobaini mbele yake, wewe unataka aimalize Krismasi?"

Walibishana hivyo mara nyingi, kwa utani. Kisha mzee akaugua, na utani ukaisha. Wiki ya mwisho Daphrose ndiye aliyekuwa anamgeuza kitandani. Asubuhi moja mzee alimshika mkono, akasema maneno mawili tu: "Peti, umulee." Siku ya tatu yake walimzika.

Daphrose hana namna nyingine ya kulea zaidi ya ile aliyoifanya miaka ishirini na miwili. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa.

Baada ya matanga nyumba ilikuwa kubwa na baridi. Binti pekee wa mzee, Elvire, anayefanya kazi Ubelgiji, alirudi alikotoka na kumwachia funguo. Daphrose alitoka uani, akamtazama Peti ndani ya karai lake, mdogo, mwembamba wa shingo, na moyo ukampasuka. Alimwona kama yatima wa Jumatatu. Akaenda jikoni, akachemsha uji wa mahindi, mtama na soya, akaponda ndagala hadi wakawa vumbi.

Peti alikula. Ee, alikula! Alikula asubuhi, mchana na jioni. Kunguru walipoanza kuzunguka juu ya wavu, Daphrose aliliondoa karai juani, akaliingiza barazani kwenye kivuli salama. Akautoa ubao wake chini ya kitanda, akaupangusa. Akachukua karatasi ngumu, akachora kadi yenye njia inayopanda. Kila Jumatatu alipima, akatia nukta.

Na mstari ulipanda. Santimeta saba, tisa, kumi na moja. Alikuwa akiinua kadi peke yake pale barazani na kupiga vigelegele, mpaka Shakuru akauliza kama kuna arusi. Alimpiga Peti picha, akamtumia Elvire kwa simu. Elvire akajibu: "Bravo, Mama Rosette! Papa angefurahi." Wageni waliopita walimsifu: kobe ameshiba huyu, kobe amenenepa, kobe ana raha.

Na hebu tusemane ukweli. Nani kati yetu hajaambiwa "umenenepa" akatabasamu? Mji huu umeonja njaa, ndiyo maana unene kwetu ni salamu. "Polepole ndiyo mwendo" tunaimba tangu utotoni, lakini kwenye sahani kila mtu ana mbio zake. Daphrose hakuwa mjinga. Alifanya ambalo karibu kila mama wa Bujumbura angelifanya.

Baada ya miezi kumi na minane Peti alikuwa na santimeta kumi na nne na gramu mia sita na kumi. Gamba lake, ambalo kwa wale wakubwa limeviringana sawa kama bakuli, lilikuwa limeota vinundu kama mgongo wa barabara ya mvua. Daphrose alidhani ni maumbile yake. Hadi siku paka wa jirani alipoparamia baraza.

Paka alinyoosha mkono ndani ya karai. Peti akakunja shingo, akavuta mikono, akapandisha mlango. Mlango ukagonga nyama ukasimama. Akajaribu tena. Nyama ya mabega ilikuwa imefura nje kama unga wa maandazi uliozidi hamira, na haikuwa na pa kuingia. Paka akampiga kucha moja kabla Daphrose hajafika na ufagio.

"Nilimwona anahangaika kujifungia," anasema, na hapa sauti inashuka. "Mutu yuko kwake, nyumba yake mwenyewe, na haimutoshi. Nikajua kuna kitu nimefanya. Sikujua ni nini."

Alimtumia Elvire video, akilia. Elvire naye akamtafuta daktari wa mifugo, Sephora, binti mwembamba wa miaka thelathini na kidogo, asiye na maneno ya mapambo. Sephora alifika, akamgeuza Peti huku na huku, akauliza anakula nini. Daphrose akamwambia, kwa fahari iliyobaki.

Sephora aliweka kidole gumba, akabonyeza gamba pembeni. Gamba likabonyea.

Daphrose alikaa chini. Alikaa kwenye sementi, palepale, na Sephora akadhani amezidiwa na jua.

Hakuwa amezidiwa na jua. Alikuwa amerudi Jumatatu moja ya mwaka wake wa kwanza kazini. Mama mmoja wa Kajaga, mtoto wa kike wa miezi kumi na sita, mwezi uliopita kilo saba, mwezi huu kilo nane na nusu. Daphrose aliinua kadi juu, baraza likapiga vigelegele, mama akacheza. Walipokuwa wanaimba, Irène, muuguzi mkongwe wa pale, alipita, akasimama, akainama, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Lilibaki palepale, halijai.

"Huyu hajanenepa," Irène alimwambia kwa sauti ya chini. "Amevimba. Ni maji, Daphrose. Ni njaa imevaa nguo ya shibe."

Mtoto alilazwa siku ile. Jumatatu iliyofuata mama alikuja peke yake, kuwarudishia kadi.

Kisa hicho Daphrose hakuwahi kumwambia mtu, hata bintiye. Alimwambia Sephora, siku ile, sementi imemchoma na machozi yanamtoka. "Nilipigia kifo vigelegele, dokteri. Na sasa nimerudia."

Sephora alichuchumaa mbele yake, akamweleza bila kumlaumu. Kobe si mtoto wa mtu. Mwili wake umeumbwa kukua milimita kwa milimita. Ukimpa chakula kizito kila siku, nyama inakimbia na mifupa inabaki nyuma. Gamba linavutwa kabla halijakomaa, ndiyo maana linaota vinundu. Na gamba ni mfupa, linataka jua na chokaa, naye alikuwa kivulini. Ndani, ini na figo vinachoka. Kobe aliyekua mbio huonekana shujaa miaka miwili, wa tatu anakufa watu wakishangaa.

"Kwa hiyo mustari ukipanda sana..."

"Ukipanda sana, mama, ogopa."

Elvire alipopigiwa simu alisema kwa upole, lakini alisema. Kuna watu Kigobe wanaojua kobe, wana bwawa na mtu wa kuwatazama. Labda ingekuwa vyema wote watatu waende huko. Hakumlaumu mtu, aliongeza, ila hawa ndio kitu cha mwisho alichoacha Papa.

Daphrose alishika simu kwa mikono miwili. "Elvire, mutoto wangu. Nipe mwaka mumoja. Ule uji niliupika mi, acha na dawa niipike mi. Mwaka ukiisha Peti hajafunga mulango wake, nitababeba mwenyewe mpaka Kigobe, kwa miguu."

Elvire akasema sawa, mwaka mmoja.

Ulikuwa mwaka mgumu, na usidhani ugumu ulikuwa wa kobe peke yake. Uji uliisha siku ileile. Badala yake yalikuja majani ya lengalenga, konokono wa bustani na minyoo, na mara moja kwa wiki ndagala mmoja, si zaidi. Kipimo alichokiweka Sephora kilikuwa chepesi kukumbuka: chakula cha siku kisizidi ukubwa wa kichwa cha kobe mwenyewe. Maganda ya mayai yalisagwa na kunyunyizwa juu. Karai lilirudi bwawani, juani, chini ya wavu mpya ambao kunguru wanakaa juu yake wakitukana.

Peti hakukubali. Kila akisikia kandambili za Daphrose aliogelea hadi ukingoni, akanyoosha shingo, akafungua mdomo. Wiki za mwanzo Daphrose alikuwa anapita mbali, amevua kandambili na kuzishika mkononi, asisikike. Rosette, bintiye anayeuza vitambaa sokoni, alikuja Jumapili moja akamkuta mama yake jikoni, amesimama mbele ya mfuko wa unga wa soya, analia.

"Mama, ni kobe," Rosette alimwambia.

"Najua ni kobe. Lakini anafungua mudomo, Rosette! Maisha yangu yote sijapita mbele ya mudomo uliofunguliwa."

Rosette alichukua ule mfuko akaenda nao kwake. Akawa anakuja kila Jumapili kumshikia mama yake mkono, na katika kushika mkono akajifunza kupima.

Miezi mitatu ya kwanza hakuna kilichobadilika. Mwezi wa nne nyama ya mabega ikaanza kurudi ndani, kidogo. Mwezi wa saba gamba lilikataa kidole. Mlango, hata hivyo, ulikuwa bado unasimama njiani, na Daphrose aliapa hatamchokoza kwa kumjaribu kila siku. Ndiyo maana leo, anapompima mara ya tatu, hajui. Kweli hajui.

Sephora anafika saa nne kasoro, jasho likimtiririka, viatu mkononi. Amepanda kilima kwa miguu, gari amelipaki tangu juzi halina tone la mafuta. Rosette amekuja naye, amefunga meza yake ya sokoni kwa ajili ya leo. Shakuru ameacha lango la bosi wake na kuegemea ukutani, anatafuna karanga.

Daktari ananawa, anamchukua Peti. Anaanza na mizani ya jikoni: gramu mia tano thelathini na tano. Anabonyeza gamba pembeni, mbele, nyuma. Gumu. Anapitisha kidole juu ya vinundu.

"Hivi havitaondoka, mama. Atabaki navyo maisha yake yote."

"Ni haki," Daphrose anasema. "Nami nitabaki navyo."

Sasa urefu. Daphrose mwenyewe ndiye anayesogeza kibao, Rosette anasoma. Kisha Sephora anamweka Peti chini juu ya sementi, anachuma unyasi mmoja ukingoni mwa bwawa, na kumgusa nao puani.

Peti anakunja shingo. Anavuta mkono mmoja, anavuta wa pili. Mlango unapanda, unapanda, unasimama.

Umesimama nusu. Uwazi wa kidole unaonekana, na ndani yake jicho moja linatazama. Daphrose ameziba mdomo kwa kitenge. Rosette amemshika bega. Hakuna anayesogea, na Shakuru pale ukutani ameacha kutafuna.

Kisha Peti anatoa pumzi. Inasikika, ndefu, kama mtu anayetua mzigo. Nyama ya bega inaingia, na mlango unamalizia safari yake.

Sephora anavuta unyasi. Unyasi hautoki. Umebanwa. Anavuta tena, kwa nguvu kidogo, na unakatika mkononi mwake.

"Amefunga," anasema.

Hapo Daphrose hakuweza kujizuia tena. Alipiga vigelegele vya Jumatatu, virefu, vya koo la miaka ishirini na miwili, hadi kunguru wakaruka juu ya wavu na nyumba ya tatu wakafungua dirisha. Shakuru alipiga makofi, macho yake mekundu, akisingizia vumbi.

Simu ikapigwa Ubelgiji. Elvire alitaka kusikia kutoka kwa daktari kwanza, akasikia. Kisha akataka Mama Rosette.

"Amekua kiasi gani?"

"Milimita mbili."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, mutoto wangu!" Daphrose alisema, kama anayetangaza mapacha. "Milimita mbili tu!"

Elvire alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Basi babaki," akasema mwishowe. "Kigobe nitabaambia mi."

Mpango wa Daphrose sasa si mkubwa, lakini ameupanga. Kuna nyumba kama sita hapa Kinanira zenye kobe, na amesikia wengine wanawapa mkate na nyama. Anataka kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi waletwe uani hapa, wapimwe bure, na wenye kobe waelezwe kile alichoelezwa yeye. Rosette ataandika. Sephora ameahidi kuja, mafuta yakipatikana au yasipopatikana.

Sephora pia amemwambia kwamba Peti, akitunzwa hivi, anaweza kufika miaka arobaini, labda na zaidi. Daphrose ana hamsini na saba, na hesabu ya kujumlisha anaijua. Anamtazama bintiye anayemrudisha kobe majini kwa mikono miwili, taratibu, kama alivyofundishwa.

"Bale batoto ba Jumatatu nilibataka bakue mbio," anasema, "juu kifo kilikuwa kinabafukuza. Huyu hafukuzwi na kitu. Namuomba Mungu akue polepole, polepole sana, mpaka siku nitakayokufa, Rosette amupime, akute bado anakua."